Maswali na Majibu: Kitambaa "cha jeshi" kutoka Tunduma

SWALI: Shikamoo mzee. Nina kampuni ndogo ya ulinzi hapa Mafinga, walinzi 24, wengi wanalinda mashamba ya miti. Kuna mtu ananiletea majora ya mabakamabaka kutoka Tunduma kwa shilingi 7,500 kwa mita. Anasema ni kitambaa chenyewe cha jeshi la Ulaya, hakichaniki. Fundi wa hapa ananitajia 14,000 kwa mita ya kijani kitupu. Najua sare za JWTZ haziguswi, lakini haya si mabaka yetu. Inakuwaje kitambaa cha rangi moja kikaribie mara mbili ya bei ya kile cha jeshi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. La sheria ni fupi, tulimalize kwanza. Kanuni ya Adhabu haiishii kwenye sare halisi za majeshi yetu, inagusa hata vazi linalofanana nazo. Agosti 2023 JWTZ iliwapa raia siku saba kusalimisha mavazi ya namna hiyo. Mlinzi wako akisimamishwa barabarani, kusema mabaka yake ni ya Ulaya hakutamsaidia. Hayo majora yaache.

Sasa lile linaloniuma. Hapa sokoni Mwanjelwa, Mbeya, haipiti wiki bila mtu kuniwekea kipande cha mabakamabaka mezani akisema, "Fundi, hiki ni cha jeshi, kigumu." Hajavuta uzi, hajakilowesha, hajakiweka hata juani siku moja. Ameona mabaka, basi. Mabaka ni rangi iliyochapwa juu ya kitambaa, na yanaweza kuchapwa hata kwenye kitambaa chepesi cha shuka. Hayaongezi nguvu hata kidogo. Kazi yake nyingine ni kuficha makosa ya kitambaa: nyuzi zilizoruka, rangi isiyolingana, madoa ya kiwandani. Kwenye kijani kitupu kosa lolote unaliona ukiwa umesimama mlangoni, na ndiyo maana fundi wako hawezi kukuuzia takataka kirahisi.

Jeshi likinunua kombati linanunua kipimo, na kila jora linapaswa kukifikia. Kombati ya Marekani kwa miaka mingi imekuwa nailoni nusu kwa pamba nusu, yenye nyuzi nene zinazokatizana na kuchora vibokisi vidogo ili tundu lisikimbie likawa mpasuko. Rangi inapaswa kuhimili jua na kufuliwa. Tena kuna sifa ambayo jicho halioni: kitambaa kinatakiwa kiakisi ule mwanga tusiouona kwa namna inayokaribiana na majani, la sivyo askari anajitokeza wazi kwenye darubini ya usiku. Sabuni ya unga yenye dawa ya kung'arisha nguo inatosha kuiharibu sifa hiyo. Gharama iko huko. Mtu wa Tunduma anakuuzia picha ya juu tu.

Hata wenye fedha wamenaswa na picha. Mwaka 2004 jeshi la nchi kavu la Marekani lilichagua mabaka ya aina moja kwa msitu, jangwa na mjini. Gharama yake hutajwa kuwa kama dola bilioni 5, na kuanzia 2010 askari waliokuwa Afghanistan wakaanza kupewa mabaka mengine. Jeshi la Afghanistan lenyewe lilichaguliwa mabaka ya msitu, yanayomilikiwa na kampuni binafsi, katika nchi ambayo misitu ni asilimia 2.1 tu ya ardhi yake. Mwaka 2017 mkaguzi wa Marekani, nchi iliyokuwa inalipa, aliandika kwamba huenda dola milioni 28 zilitumika bila sababu, na kwamba hakuna aliyepima kwanza kama mabaka hayo yanafaa huko.

La wanamaji wa Marekani linakuhusu wewe zaidi. Sare yao ya mabaka ya bluu, nailoni nusu pamba nusu, ilijaribiwa kwa moto mwaka 2012. Iliwaka mpaka ikaisha, na nailoni ikayeyuka ikidondoka. Kwa bei uliyotajiwa, nakaribia kuwa na hakika kitambaa chako ni poliesta tupu, nayo ikiyeyuka inaganda kwenye ngozi. Walinzi wako wako kwenye misindano, yaani miti ya paini, kiangazi kinakuja, na moto ukizuka wao ndio wa kwanza kufika. Niliwahi kuletewa suruali ya mlinzi wa msitu niweke kiraka gotini. Goti lilikuwa limeyeyuka, limekakamaa kama plastiki. Sikuuliza mguu uko vipi. Mpaka leo najutia kutokuuliza.

Chomoa uzi, uushike kwa koleo, uuchome ukiwa nje. Pamba inanuka karatasi iliyoungua na kuacha jivu laini. Poliesta inajikunja na kuacha kidonge cheusi kigumu. Kisha kata kipande cha sentimita 10 kwa 10, ukapime kwa sonara au kwa mnunuzi yeyote wa dhahabu ya Chunya. Gramu 2 maana yake ni gramu 200 kwa mita ya mraba. Chini ya hapo usikifanye suruali ya porini, hata muuzaji aape vipi.

Hili si la walinzi peke yao. Shule, kwaya na timu za mpira, kote Mbeya mpaka Njombe, wanaonyeshwa sampuli nzuri, wanalipa, halafu linakuja jora jingine kabisa. Sampuli ikatwe vipande viwili, msaini vyote, kimoja ubaki nacho. Kipande chako kifue mara tano na sabuni unayotumia nyumbani, ukianike juani, ndipo uzungumze bei. Na kama umeshamwachia mtu huyo malipo ya awali, mpigie leo kabla hajakata jora, maana likishakatwa hatakurudishia kitu.