Slaidi za Kodachrome kutoka na ubluu: kadi ya IT8 itasaidia?

Ndugu yangu, umesema slaidi za marehemu mzee wako, za Mji wa Kale miaka ya sabini, zote zinatoka na ubluu kwenye skana, na unauliza kama kadi ya IT8, ile yenye viraka vya rangi vya kupimia skana, itamaliza maneno. Kabla hujatoa pesa, tazama fremu zake. Kama zimeandikwa Kodachrome, skana yako haina ugonjwa.

Skana hupima nyekundu, kijani na bluu kwa taa yake na vichujio vyake, na kwa kawaida imepangiwa filamu za slaidi zinazosafishwa kwa njia ya E-6, kama Ektachrome na Fujichrome. Kodachrome rangi zake ziliingizwa wakati wa kusafishwa, na ni kemikali nyingine kabisa. Ukiziweka mbili juu ya meza ya taa, kijivu cha huku na cha kule ni kimoja kwa macho. Skana inaona viwili.

Kwa hiyo kadi ya Ektachrome itanyoosha filamu za jamii yake. Kodachrome ilikuwa na kadi zake, lakini Kodak iliacha kutengeneza filamu hiyo 2009, na zilizobaki ni za kuwinda. Usipopata, programu ya kuskani ya VueScan ina chaguo la Kodachrome. Si kamili, ila ubluu mwingi unaondoka.

Kadi yoyote utakayoagiza, iwe IT8.7/1, ya filamu. IT8.7/2 ni ya karatasi. Kadi ya filamu ina viraka 264 vya rangi na ngazi 24 za kijivu, na lazima ije na faili ya vipimo vya kundi lake, yaani toleo la kiwandani iliyotoka nalo. Namba ya kundi kwenye kadi isipolingana na ya faili, usihangaike hata kuanza.

Kazi yenyewe: skana ya zamani yenye taa ya mirija iache ipate moto kwanza, na stima ikipotea katikati, kama tulivyozoea, ngoja tena. Zima kila kitu cha otomatiki: mwanga, rangi, ukali, vumbi. Hapa ndipo wengi huharibikiwa, kwa sababu profaili, yaani faili ya rangi inayoundwa kutokana na kadi, inaeleza skana ikiwa katika hali moja tu. Programu ikijirekebishia kila picha, ile profaili haina maana. Ziba kioo kinachobaki wazi kwa karatasi nyeusi, maana mwanga unaozagaa huosha sehemu zenye giza, na viraka vyeusi ndivyo vinavyosumbua zaidi. Hifadhi TIFF ya biti 16. Mimi natumia ArgyllCMS, programu ya bure ya kupangia rangi: amri yake ya scanin inasoma viraka, colprof inaunda profaili na kukupa makosa kwa Delta E, kipimo cha tofauti kati ya rangi mbili. Usitazame wastani peke yake, tazama na kiraka kibaya kuliko vyote.

Kisha skani slaidi kwa mipangilio ile ile, bandika profaili ya skana kwenye picha, halafu ndipo uigeuze kwenda Adobe RGB, mfumo wa rangi wa kuhariria picha. Ukigeuza bila kubandika, umerudi ulikotoka.

Negativu sahau. Ile rangi ya machungwa ya filamu yenyewe na mwanga unaotofautiana kila fremu haviendi na kadi hii.

Na slaidi za E-6 zilizopauka zikawa nyekundu, profaili itakuonyesha wekundu huo kwa uaminifu. Kuuondoa ni kazi ya jicho lako baadaye. Ila usizidishe. Kuna watu kanzu iliyopigwa picha jua likizama pale Forodhani wanaing'arisha mpaka inakuwa ya saa sita mchana. Mwanga wa jioni una manjano yake, uache.

Uondoaji wa vumbi kwa infraredi kwenye Kodachrome uzime, huwa unakula maelezo ya picha. Ukungu wa unyevu wetu huu utaushughulikia kwa mkono, fremu baada ya fremu.

Andika hapa ni skana gani na fremu zinasemaje, nikuwekee amri za scanin zinazokufaa.