Nyumba Imeuzwa, Wapangaji Wamo

Katika barua tulizopokea karibuni, nne zinahusu jambo moja: nyumba inauzwa huku watu wakiwa bado wamo ndani yake kwa kodi. Tatu zimeandikwa na wanunuzi na moja na mpangaji. Ya kwanza tumeijibu kwa urefu kuliko nyingine, kwa kuwa sehemu kubwa ya majibu ya zile zinazofuata imo humo.

SWALI: Nimekubaliana kununua nyumba ya vyumba sita na fremu mbili za biashara huko Kimara kwa shilingi milioni 95, na nimekwisha kulipa milioni 30 mbele ya mashahidi. Muuzaji alinihakikishia kwamba wapangaji watatoka wenyewe mara nitakapomaliza malipo. Nilipokwenda kuitazama nyumba tena, mama anayekaa chumba cha mbele alinionyesha mkataba unaoeleza kwamba kodi yake imelipwa hadi mwisho wa Desemba. Kijana mwenye fremu ya kinyozi naye akaniambia kwamba mlango wa chuma na vigae vya sakafuni aliviweka kwa fedha zake, kwa makubaliano kwamba gharama hiyo itakatwa kidogo kidogo kwenye kodi. Muuzaji anasema mambo hayo hayanihusu. Je, nikishapata hati kwa jina langu, siwezi kuwapa wote mwezi mmoja waondoke? — Msomaji, Dar es Salaam

JIBU: Ndugu msomaji, mambo hayo yanakuhusu wewe kuliko yanavyomhusu muuzaji, kwa sababu yeye akishapokea zile milioni 65 zilizobaki atakwenda zake, na atakayebaki akitazamana na yule mama na yule kinyozi ni wewe. Kwa bahati nzuri umeyagundua kabla hujamaliza kulipa.

Anachoweza kukuuzia mtu ni haki aliyonayo, pamoja na ahadi zilizokwisha kufungwa juu ya haki hiyo. Hati inapobadilishwa jina, mkataba wa upangaji haufi; kinachobadilika ni mtu anayeitwa mwenye nyumba. Kuanzia siku hiyo wewe ndiye utakayedaiwa kumwacha mpangaji akae kwa utulivu mpaka muda aliolipia uishe. Yapo maneno mitaani kwamba tangu sheria ya kudhibiti kodi za nyumba ifutwe mwaka 2005, mwenye nyumba anaweza kumtoa mpangaji siku yoyote anayopenda. Si kweli. Kilichoondoka ni udhibiti wa viwango vya kodi na ulinzi wa pekee uliokuwa katika sheria ile. Mikataba ya upangaji ilibaki chini ya Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, nayo haimpi mwenye nyumba mpya ruhusa ya kuvunja alichokubali mwenye nyumba wa zamani.

Huenda utasema kwamba ulifanya upekuzi kwa Msajili wa Hati na hukuona jina la mpangaji yeyote. Usingeliona. Upangaji wa mwaka mmoja au pungufu unaweza kufanywa hata kwa mdomo, wala hauandikishwi kwenye daftari la Msajili, kwa hiyo upekuzi utakuonyesha rehani ya benki au zuio lililowekwa na mtu mwingine, lakini hautakuonyesha mama wa chumba cha mbele. Wakati huo huo, sheria hiyo hiyo humhesabu mnunuzi kuwa anayajua yale ambayo angeyajua kama angefanya uchunguzi na ukaguzi ambao mtu makini angeufanya. Mtu anayeishi ndani ya nyumba, nguo zake zikiwa kwenye kamba uani, si jambo ambalo mnunuzi anaweza kudai kwamba hakuliona.

Sasa kuhusu mwezi mmoja. Mwenye mkataba wenye tarehe ya mwisho, kama huyo mama, hukaa mpaka tarehe hiyo, isipokuwa kama mkataba wenyewe una kifungu cha kuuvunja mapema au yeye amekubali kuondoka. Asiye na mkataba wa muda maalumu huhesabiwa kuwa mpangaji wa vipindi, na kipindi chake hupimwa kwa jinsi anavyolipa kodi: anayelipa kila mwezi anastahili notisi isiyopungua mwezi mmoja, itakayoishia kwenye siku ya kulipa kodi, si katikati. Hapa ndipo desturi yetu ya kudai kodi ya miezi sita kwa mkupuo inapomgeukia mwenye nyumba, kwani mpangaji aliyezoea kulipa hivyo anaweza kudai kwamba kipindi chake ni miezi sita, na kwamba notisi yake iwe ya urefu huo. Kwa hiyo notisi moja ya mwezi mmoja, iliyobandikwa mlangoni kwa watu wote, haitatosha kwa wote.

Pesa za kodi ndizo huzua ugomvi mwingi zaidi kuliko kuhama kwenyewe. Chukulia kwamba kila chumba hulipiwa shilingi 80,000 kwa mwezi, wote sita wamelipa hadi Desemba, na wewe unakabidhiwa nyumba Septemba mosi. Miezi minne ya vyumba sita ni shilingi 1,920,000, ambazo zimo mfukoni mwa muuzaji ilhali zinalipia muda ambao nyumba ni yako. Huwezi kumtaka mpangaji azilipe mara ya pili. Unachoweza kufanya ni kuzikata kwenye bei, na njia hiyo ipo tu kabla hujamaliza kulipa. Madai ya kinyozi yapimwe kwa namna hiyo hiyo: muulize muuzaji mbele yake kama makubaliano yalikuwepo, yaandikwe kiasi kilichokwisha kukatwa na kilichobaki, na kilichobaki ukibebe wewe au akibebe muuzaji kwa maandishi. Ukiliacha jambo hili hewani, kijana huyo atakaa bila kulipa kodi kwa hoja kwamba anajilipa vigae vyake, na baraza la ardhi linaweza kumsikiliza.

Ningekuwa mahali pako, ningesimamisha malipo kwa sasa, si kwa ugomvi, bali kwa kumwandikia muuzaji kwamba nahitaji kwanza orodha ya wapangaji wote, kodi ya kila mmoja, tarehe aliyolipia mpaka wapi, amana kama ipo, na nakala za mikataba. Kisha ningepita chumba kwa chumba na kumwomba kila mpangaji athibitishe kwa sahihi yake yaliyoandikwa juu yake. Shughuli hiyo ni ya saa mbili au tatu, nayo huibua mambo ambayo muuzaji alisahau, au alichagua kuyasahau. Baada ya hapo andikeni nyongeza ya mkataba wa mauziano. Kama unataka nyumba ikiwa tupu, nyongeza hiyo iseme wazi kwamba muuzaji ndiye mwenye jukumu la kuwahamisha wapangaji kwa njia halali na kwa gharama yake, itaje tarehe, na iseme kwamba sehemu ya maana ya bei, tuseme milioni 20, haitalipwa mpaka utakapokabidhiwa funguo za vyumba vyote. Neno kwamba “watatoka wenyewe” halina thamani yoyote bila fedha iliyozuiliwa nyuma yake. Zingatia pia kwamba wapo wapangaji wanaokubali kuondoka mapema wakirudishiwa kodi ya miezi iliyobaki na kusaidiwa nauli ya gari la kuhamishia vyombo, na njia hiyo mara nyingi ni nafuu kuliko kesi.

Mwisho kwa upande wako, usikubali ushauri wa kung'oa milango, kuezua mabati au kuzima umeme ili watu waondoke, hata kama dalali atakuambia kwamba ndivyo wafanyavyo wengine. Mpangaji asiyeondoka baada ya muda wake kwisha na notisi kupita hupelekwa kwanza kwenye Baraza la Kata kwa usuluhishi, ambalo tangu marekebisho ya mwaka 2021 kazi yake ni kusuluhisha tu na si kuamua. Likishindwa ndani ya siku 30, shauri huenda kwenye Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na atakayemtoa mtu ni dalali wa baraza aliyepewa amri ya baraza hilo, si dalali wa nyumba. Ni njia ndefu, ndiyo maana ninasisitiza kwamba uitumie fedha iliyobaki mkononi mwako.

SWALI: Ninanunua nyumba Morogoro kutoka kwa mtu ambaye baba yake alifariki. Kuna mwanamke mtu mzima anayekaa vyumba viwili vya nyuma, na muuzaji anasema ni mpangaji. Lakini majirani wananiambia kwamba ni dada yake wa baba mmoja. Je, nimpe notisi kama mpangaji mwingine? — M., Morogoro

JIBU: Usimpe notisi, na usilipe chochote kwa sasa. Mtu aliye ndani ya nyumba bila mkataba na bila stakabadhi ya kodi huenda asiwe mpangaji kabisa. Ikiwa nyumba ilikuwa ya marehemu, anayeweza kuiuza ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, naye huiuza kwa niaba ya warithi wote. Kuwa mtoto mkubwa wa kiume au kuishika hati kabatini hakumpi mtu mamlaka hayo. Mwombe muuzaji akuonyeshe barua ya usimamizi, kisha nenda kwenye mahakama iliyoitoa ukaangalie katika jalada majina ya warithi yaliyotajwa. Kama huyo dada yumo, taka ridhaa yake ya maandishi kabla ya jambo lingine lolote.

Kaa naye mwenyewe mzungumze, ikiwezekana muuzaji asiwepo. Swali moja jepesi litakupa nusu ya jibu: “Dada, kodi unamlipa nani, na kila lini?” Mpangaji hujibu papo hapo. Anayesema kwamba hajawahi kulipa kwa sababu hapa ni kwao amekueleza kwamba mgogoro wako si wa upangaji, bali ni wa umiliki, na migogoro ya mirathi huweza kumfuata mnunuzi kwa miaka mingi. Mwulizie pia mke wa muuzaji, au mume ikiwa muuzaji ni mwanamke, kwani nyumba ya familia haiuzwi bila ridhaa ya mwenza. Muhuri wa serikali ya mtaa kwenye mkataba wa mauziano ni ushahidi mzuri kwamba mlikutana na kukubaliana, lakini hauponyi kasoro hizi.

SWALI: Nataka kununua jengo Mombasa, eneo la Majengo, lenye maduka mawili chini na familia mbili juu. Wenye maduka wako hapo zaidi ya miaka kumi, hawana mkataba wa maandishi. Ningependa kuyatumia maduka hayo mwenyewe. Itachukua muda gani kuwaondoa? — Mnunuzi, Mombasa

JIBU: Bwana mnunuzi, kwenu Kenya hesabu ni nyingine, na kwa mwenye duka ni ngumu zaidi. Mpangaji wa duka, hoteli au mkahawa asiye na mkataba wa maandishi, au mwenye mkataba wa maandishi usiozidi miaka mitano, analindwa na Sura ya 301 ya sheria za Kenya. Notisi yake sharti iwe kwenye fomu iliyowekwa na sheria, itaje sababu inayokubalika, na isipungue miezi miwili. Mpangaji akipeleka pingamizi katika Baraza la Kodi za Majengo ya Biashara kabla ya siku ya notisi, notisi hiyo haina nguvu mpaka baraza liamue. Usipange, kwa hiyo, kufungua biashara yako hapo kwa tarehe uliyoiweka kichwani.

Kwa familia za juu, jua kwamba upangaji wa vipindi, na mikataba isiyozidi miaka miwili, humfunga mnunuzi hata kama haimo kwenye rejista ya ardhi. Ile amana ya asilimia 10 ya bei inayolipwa wakati wa kutia sahihi ibaki mikononi mwa wakili, isimfikie muuzaji, mpaka ijulikane kama jengo linakabidhiwa tupu au na watu wake.

Kwa kuwa umetaja Majengo, kuna swali ambalo hukuuliza. Mombasa bado kuna nyumba nyingi ambazo mwenye nyumba hamiliki ardhi iliyo chini yake, bali humlipa mwenye ardhi kodi. Ukinunua nyumba ya namna hiyo utakuwa mwenye nyumba kwa waliomo ndani, na wewe mwenyewe utakuwa mpangaji wa mwenye kiwanja. Taka stakabadhi za kodi ya ardhi, na zungumza na mwenye ardhi kabla hujamlipa muuzaji.

SWALI: Mimi ni mpangaji, Mwanza. Amekuja mtu anasema ameinunua nyumba na anataka kodi ya miezi mitatu ijayo. Mwenye nyumba wa zamani hapokei simu. Nimlipe nani? — Mpangaji, Mwanza

JIBU: Usimlipe mtu kwa maneno yake tu. Mwombe akuletee barua ya mwenye nyumba wa zamani inayokujulisha kwamba nyumba imeuzwa, au nakala ya hati au ya mkataba wa mauziano, na akuandikie stakabadhi kwa kila shilingi atakayopokea. Kodi uliyokwisha kumlipa mwenye nyumba wa zamani kabla hujajulishwa mauzo hailipwi tena. Mwonyeshe stakabadhi na umwachie nakala. Akishathibitisha umiliki wake, mlipe kwa wakati, kwa sababu kutokulipa kodi ndiyo sababu rahisi kuliko zote ambayo mwenye nyumba mpya anaweza kuipata ya kukutoa.