Kwa nini wazo jipya halimjii aliyekesha

Maswali ya wiki hii yametoka kwa watu wa Moshi na Arusha ambao usiku kwao ni saa za kazi. Nimeyafupisha kidogo.

Nashona nguo, niko Majengo, Moshi. Desemba watu wakirudi nyumbani, harusi na vipaimara vinafuatana, nakesha na cherehani. Sare za kamati nzima nashona na zinanyooka. Ila mteja akinipa kitenge akasema "nibunie mshono", naona kola ile ile ya juzi. Kichwa kimeharibika? – Fundi

Hakijaharibika, fundi. Kimechoka, na uchovu huanza upande mmoja. Kupima, kukata na kupiga oveloki umeshavizoea, mikono inakwenda yenyewe. Kubuni ni kazi inayotegemea sana sehemu ya mbele ya ubongo, nyuma ya paji la uso, tunakopima njia kadhaa, tukaacha hii na kushika ile. Sehemu hiyo ni miongoni mwa zinazolegea mapema usingizi ukipungua.

Mwaka 1988 mtafiti wa Uingereza, James Horne, aliwaweka watu macho kwa saa 32, kisha akawapima kwa majaribio ya kubuni, yakiwemo ya kuchora. Mawazo yao yalikuwa machache na ya kawaida kuliko ya wenzao waliolala. Linalokuhusu zaidi ni hili: walielekea kung'ang'ania njia ambayo haiwafikishi popote. Kola yako ya juzi ndiyo hiyo.

Basi gawa kazi. Mshono mpya uchore asubuhi baada ya kulala, kitambaa ukikate kabisa, usiku ubaki na kuunga pande na kupiga pindo. Mteja akija na kitenge saa nne usiku, pokea kitambaa, mwambie arudi kesho mzungumzie mshono. (Mafundi mna sifa zenu kwenye habari ya "njoo kesho", lakini hiyo tuiweke kiporo.)

Sisi wa Kibosho kahawa tunalima wenyewe. Kikombe cha saa kumi na moja jioni si kinarudisha akili? – Mkulima

Kinarudisha macho. Tangu unapoamka, kemikali iitwayo adenosini inajikusanya kwenye ubongo, nayo ndiyo inayoleta uzito wa usingizi. Kafeini ya kahawa inakalia kiti chake, ubongo usiisikie, lakini deni linabaki pale pale. Utafiti uliotoka Marekani mwaka 2020 ulikuta kwamba miligramu 200 za kafeini ziliwasaidia watu kwenye chemsha bongo zenye jibu moja. Kwenye kubuni mawazo mapya hazikuongeza kitu. Tena baada ya saa tano hivi nusu ya kafeini bado iko mwilini, maana yake saa nne usiku kikombe chako cha jioni kinaendelea na kazi. Kinywe asubuhi.

Shikamoo. Nipo kidato cha nne, bweni, Arusha. Tunapiga msuli hadi saa tisa usiku, kengele ni saa kumi na moja. Hesabu tuliyofundishwa naiweza, swali likigeuzwa kidogo tu nimekwama. – Mwanafunzi

Marahaba, mwanangu. Mwaka 2004 watafiti wa Lübeck, Ujerumani, waliwafundisha watu hesabu ndefu yenye njia ya mkato iliyofichwa, bila kuwaambia kuwa ipo. Baada ya saa nane waliirudia. Kati ya waliolala saa hizo, karibu 60 kwa kila 100 waliigundua njia ya mkato. Waliokaa macho, wawe wamekesha au wameshinda mchana, ni kidogo tu zaidi ya 20. Swali lililogeuzwa linadai uwezo huo huo. Ukilala, ubongo hurudia masomo ya siku na kuyaunganisha na unayoyajua tayari, na kazi hiyo haifanyiki vizuri ndani ya saa mbili. Umri wako unahitaji saa nane hadi kumi.

Jaribu hivi: swali gumu lishike kabla ya kulala, pambana nalo mpaka ukwame kweli, funga daftari saa nne, ulirudie alfajiri. Hayo mashindano ya nani kazima tochi wa mwisho waachie wenzio.

Nachana, niko Ngarenaro. Mistari mikali yote hunijia usiku wa manane macho yakifumba. Nikianza kulala mapema si nitakauka? – Msanii

Unachokiona kipo, mdogo wangu. Mwaka 2021 watafiti wa Paris walitumia hesabu ya namna ile ile. Katikati ya zoezi waliwapumzisha watu kwenye kiti dakika 20, kitu mkononi, ili kikidondoka waamke. Waliogusa usingizi mwepesi kabisa, hata kwa sekunde 15, asilimia 83 waligundua siri. Waliobaki macho, asilimia 30. Waliozama zaidi walibaki na asilimia 14.

Lakini huo ni mlango wa kuingilia usingizini, na mlango huo unaupita kila unapolala, uwe umekesha au hukukesha. Jaribu mchana, funguo mkononi, sahani ya bati chini, simu ya kurekodi pembeni. Ukikata usiku, unapoteza zaidi usingizi wa ndoto, ambao mwingi uko kuelekea asubuhi. Halafu mistari ya saa tisa usiku isikilize tena mchana kabla ya kwenda studio. Aliyechoka ni mwepesi wa kujisifia.

Naongoza wageni Kilimanjaro. Usiku wa kilele tunatoka kambi ya Barafu karibu saa sita, nimesinzia saa mbili tu. Miaka mingi sasa, nimezoea. Kuna ubaya? – Mwongoza wageni, Moshi

Mwili huzoea hewa nyembamba, kaka. Kukosa usingizi hauzoei; unachozoea ni kutouona upungufu wako. Katika utafiti wa Marekani wa 2003, waliopewa saa sita za kulala kwa wiki mbili walishuka umakini kama watu waliokesha hadi siku mbili, na wenyewe walijiona wamesinzia kidogo tu. Nawe unalala zaidi ya mita 4,600, ambako pumzi hukatika na kurudi usingizini na kukuamsha mara kwa mara.

Huko juu ubunifu ni kuuacha mpango wa jana mgeni anapoanza kuyumba, na aliyekosa usingizi ndiye mzito wa kuuacha. Kwa hiyo amueni mchana, mkiwa bado kambini: saa ya kugeuka hata kama kilele kinaonekana, na dalili za kumshusha mgeni bila mjadala. Msaidizi wako apewe ruhusa ya kusema "tunashuka", na wewe ukubali mapema, mbele ya wageni, kwamba akisema hivyo hutambishia.