Hiyo sherehe ya wazee isifanyike jioni

Ndugu mleta mada, usiifanye hiyo sherehe saa kumi na moja jioni. Umeuliza kuhusu mapambo, michezo, kwaya ya watoto na idadi ya jamaa wa kualikwa, lakini nilipofika pale unapoeleza kwamba mtazima taa kubwa za ukumbi na kubakiza taa ndogo za mezani ili wazee wa makao yenu wafurahie majira ya majani kupukutika, tena Jumatatu inayofuata siku ya kurudisha saa nyuma kwa saa moja, sikuweza kuendelea kusoma kabla ya kukujibu. Sherehe ya namna hiyo nimeishuhudia kwa macho yangu nikiwa mratibu wa shughuli katika makao ya wazee, na aliyeumia ni bibi mmoja aliyevunjika nyonga.

Wazo lilitoka kwa mkufunzi aliyekuja kutuendeshea semina, akatuhakikishia kwa sauti ya kujiamini kwamba mwanga hafifu huwatuliza wazee na kuwakumbusha nyumbani. Hadi leo nikimkumbuka hupandwa na hasira, kwa sababu mtu yeyote aliyewahi kukaa na wagonjwa wa dimensia, yaani waliopotewa na kumbukumbu na uwezo wa kufikiri, jua linapozama anajua kwamba wengi wao huanza kuhangaika saa hizo hizo: huyu anauliza watoto wake wako wapi, yule anatikisa kitasa cha mlango akitaka kwenda kazini, mwingine analia wala hawezi kusema kinachomliza. Vivuli na giza huzidisha hali hiyo. Katika nchi nyingi za Ulaya saa hurudishwa nyuma Jumapili ya mwisho ya Oktoba, na sehemu kubwa ya Marekani Jumapili ya kwanza ya Novemba, hivyo kwa usiku mmoja tu machweo huwahi kwa saa nzima, ilhali mwili wa mzee bado unafuata ratiba ya zamani ya kula, kulala na kwenda haja. Ninyi mmechagua siku ambayo wakazi wenu watakuwa wamevurugikiwa kuliko siku nyingine yoyote ya msimu huo.

Halafu kuna suala la macho, ambalo mkufunzi yule hakuligusa kabisa. Kadiri umri unavyosonga, mboni hupungua ukubwa na lenzi ya jicho huingia umanjano, kiasi kwamba mtu wa miaka 60 hupata takriban theluthi moja tu ya mwanga unaomfikia kijana wa miaka 20 ndani ya jicho, na hapo sijamtaja mwenye mtoto wa jicho. Ukumbi unaouona wewe kuwa na mwanga wa kupendeza, kwao ni kiza.

Bibi ninayemzungumzia alikuwa ameketi akitazama dirisha kubwa lisilo na pazia. Nje kulipoingia giza, kioo kikageuka kuwa kama cha kujitazamia, naye akaona mwanamke mzee asiyemjua akimkodolea macho. Alimpungia mkono, na yule naye akampungia. Hapo akaogopa, akasimama bila fremu yake ya kutembelea na kuelekea mlangoni. Mlangoni palikuwa na zulia jeusi lililotandikwa ili watu wafute viatu vyenye majani mabichi. Alisimama mbele ya zulia lile, akaliangalia kwa makini, kisha akainua mguu juu sana ili aliruke, akaanguka kwa ubavu. Muuguzi alipomfikia, neno alilokuwa akilirudia ni "shimo". Wahudumu wa mchana walikuwa wakikabidhi zamu, dawa za jioni zilikuwa zikigawiwa, na mhudumu aliyekuwa karibu naye alikuwa akimhudumia mtu mwingine. Mkufunzi alipoelezwa yaliyotokea, alijibu kwamba tatizo ni uchache wa wahudumu. Yeye ndiye aliyetuchagulia saa ambayo wahudumu ni wachache!

Kanuni ninayokusihi uifuate ni moja: kila tukio la msimu huu lianze saa nne asubuhi na limalizike kabla ya chakula cha mchana, taa zote zikiwa zinawaka hata kama jua linaangaza. Saa hizo watu wamepumzika, zamu imejaa, na mwanga wa asubuhi husaidia saa ya mwili kujipanga ili usiku wapate usingizi. Matembezi ya bustanini, kuokota majani, kuimba pamoja, hata kupokea wageni, vyote viingie humo. Alasiri ibakie kwa shughuli za kukaa, kwa vikundi vya watu wachache, na mhudumu mmoja apewe kazi ya kufunga mapazia na kuwasha taa kabla giza halijaanza kuingia, si baada ya mtu kuanza kuhangaika. Kama nanyi mna zulia jeusi mlangoni, liondolewe leo hii; weka lenye rangi inayokaribiana na ya sakafu, lililoshikiliwa pembe zote.

Kuhusu mapambo nitasema kwa kifupi tu kwamba matunda ya porini na mbegu zinazong'aa zisiwekwe mezani, kwa kuwa baadhi yake zina sumu na mgonjwa wa dimensia anaweza kuzitia mdomoni, na mishumaa isikaribie kabisa chumba chenye mtu anayetumia oksijeni.

Najua utaniambia kwamba jamaa wa wazee wako kazini asubuhi. Basi hamishia sherehe Jumamosi, tena ile inayotangulia kurudishwa kwa saa, saa nne ile ile. Atakayeshindwa kufika apangiwe siku yake ya kumtembelea mzazi wake chumbani, watazame pamoja majani waliyookota wenzake. Ikiwa kadi za mwaliko hazijachapishwa, piga simu sasa ubadilishe saa. Ikiwa zimechapishwa, zichapishwe upya.