Dagaa wa mali kauli: deni ni la duka au ni langu?

SWALI: Shikamoo wakili. Nauza dagaa soko la Mwaloni, Kirumba, Mwanza. Mwezi wa tatu nilichukua magunia 40 kwa mali kauli (mzigo kwanza, malipo baadaye) kwa mwenye mitumbwi wa Ukerewe. Nimelipa nusu, halafu mteja wangu wa Kahama akanikimbia. Sasa mwenye mzigo anasema atanishtaki. Hatukuandikiana, na duka langu lina jina lililosajiliwa BRELA, wakala wa serikali wa kusajili biashara. Anaweza kunidai mimi binafsi?

JIBU: Marahaba. Anaweza.

Nianze na hilo la BRELA, maana limewaponza wengi. Cheti cha jina la biashara hakizai mtu wa pili mbele ya sheria. Duka ni wewe, na deni lake ni lako. Kampuni ndiyo huwa mtu wake peke yake, na hata ungekuwa nayo, ulipomwambia "nitakulipa mimi" bila kuitaja, ungekuwa umejifunga mwenyewe.

Kuhusu maandishi: Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inayatambua makubaliano ya mdomo, isipokuwa pale sheria inapotaka yaandikwe, kama kwenye kuuza ardhi. Dagaa wako ulishawapokea na nusu umeshalipa, kwa hiyo kukosa maandishi hakukuokoi. Kazi aliyonayo mwenzako ni kuthibitisha tu, na wewe umeshamrahisishia. Hiyo nusu uliilipa kwa simu, siyo? Basi meseji ya muamala ipo. Na kama uliwahi kumwandikia "nivumilie bosi, mwisho wa mwezi namalizia", hapo umekiri deni. Tangu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015, meseji ni ushahidi unaopokelewa mahakamani. Wachukuzi waliokushushia magunia nao wana midomo.

Mteja wa Kahama ni kesi yako wewe na yeye. Mdai wako hahusiki.

Akikutishia polisi usibabaike. Kushindwa kulipa deni ni madai, siyo jinai, ilimradi hukuchukua mzigo kwa ulaghai. Muda wa kukushtaki anao, miaka 6, kwa hiyo usitegemee asahau. Nyumba unayoishi na familia, Sheria ya Mwenendo wa Madai inaikinga isikamatwe, kama hukuiweka rehani. Stoo, pikipiki na fedha za benki hazina kinga hiyo.

Mfuate Ukerewe kabla hajafungua shauri. Pangeni awamu unazoziweza, muandikishane mbele ya mashahidi wawili, na kila ukilipa akusainie kiasi kilichobaki.