Jibu: Ujerumani, viza ya kazi imekwama kwenye shahada

Salama ndugu. Nilivyokuelewa: mkataba wa kazi Hamburg unao, shahada ya uhandisi unayo, ila ubalozi unasema karatasi ya anabin (kanzidata ya Kijerumani ya vyuo na shahada za nje) uliyoambatisha haitoshi.

Kwanza angalia ulichapisha kurasa zipi. Wengi wakishaona H+ (alama ya chuo kinachotambuliwa) wanadhani wamemaliza. H+ ni ya chuo, siyo ya shahada. Unahitaji pia ukurasa wa shahada yenyewe, wenye neno "entspricht" (inalingana) au "gleichwertig" (ina thamani sawa), na jina lake lilingane na la kwenye cheti chako. Cheti kikisema uhandisi wa mitambo na ukurasa ukasema uhandisi tu, hapo ndipo maswali yanapoanzia.

Shahada isipokuwemo, au chuo kikiwa H+/- (hadhi yake inaangaliwa kesi kwa kesi), usipoteze muda kubishana kwa barua pepe. Omba tathmini ya cheti ZAB (ofisi ya Ujerumani inayotathmini vyeti vya nje), maombi ni ya mtandaoni, ada euro 208.

Muda ukikubana, mwombe mwajiri afungue utaratibu wa haraka wa kifungu cha 81a cha sheria ya ukaazi ya Ujerumani kwenye ofisi ya wageni ya mji wake. Unamwandikia hati ya uwakilishi, ada ni euro 411. Nani alipe, malizaneni mapema. Idhini ya awali ya ofisi hiyo ikitoka, ubalozi unatakiwa kukupa miadi ndani ya wiki 3. Lakini tathmini ya shahada bado itahitajika, huo utaratibu hauifuti.

Na barua ya kuacha kazi usiiandike kabla viza haijabandikwa kwenye pasipoti.