Ukiwa na kisukari, kinga yako inakula nini?

Ninafundisha baiolojia kidato cha tano na sita hapa Moshi, na nina kisukari aina ya pili. Habari za seli na chakula chake nazijua ubaoni na nazijua mwilini mwangu. Naandika kwa ajili ya mwenzangu yeyote mwenye sukari, na kwa yule anayemuuguza mzazi mwenye sukari, kwa sababu kuna jambo ambalo foleni ya kliniki hairuhusu kuelezwa vizuri. Sukari ikipanda haiishii kwenye macho, figo na miguu. Inavuruga pia seli zinazotukinga na maradhi, kwa kuwa nazo zinaishi kwa sukari hiyohiyo.

Chukua seli T, mmojawapo wa askari wa kinga katika damu. Isipokuwa na kazi, huzunguka kwenye damu na matezi ikila kidogo sana. Glukosi, yaani sukari ya damu, inayoingia huchomwa mpaka mwisho ndani ya mitokondria, vinu vya nguvu vya seli, na kila molekuli hutoa kama 30 hivi za ATP, kemikali inayobeba nguvu ya seli. Siku ikikutana na kipande cha kijidudu inachokitambua, hali hubadilika ndani ya saa chache. Hujiwekea milango mingi ya kuingizia glukosi, kisha huivunja harakaharaka nje ya mitokondria, hata kama oksijeni ipo tele, na kutoa asidi ya laktiki. Njia hiyo huleta ATP 2 tu kwa molekuli. Mjerumani Otto Warburg aliiona tabia hii kwenye seli za saratani miaka ya 1920; kumbe seli za kinga zenye afya kabisa nazo hufanya vivyo hivyo zikiamshwa.

Wanafunzi wangu huuliza: mbona ni hasara? Ni swali zuri kuliko yote katika mada hii. Seli iliyoamshwa haitafuti nguvu peke yake. Inajiandaa kugawanyika tena na tena, na kila mgawanyiko unadai DNA mpya, utando mpya, protini mpya. Glukosi isiyochomwa mpaka mwisho inabaki kuwa malighafi ya hivyo vyote. Ugonjwa ukiisha, nyingi ya seli hizo hufa. Chache zinazobaki kama kumbukumbu hurudi kwenye mitokondria, hutumia sana mafuta, na huweza kuishi miaka. Ni kama jikoni kwa mama: mabua kwa chai ya haraka, mkaa kwa maharage. Mwili wenye afya unajua wakati wa kuwasha kipi.

Makrofaji, zile seli zinazomeza vijidudu, zina jambo la ajabu zaidi. Zikikutana na bakteria, mzunguko wa kemikali ndani ya mitokondria hukatika katikati na kemikali yake mojawapo, saksineti, hurundikana. Mwaka 2013 kundi la Luke O'Neill wa Trinity College Dublin lilionyesha kwamba saksineti hiyo ndiyo inayoiambia seli itengeneze IL-1β, protini mojawapo inayoleta homa. Kemikali ya chakula inageuka kuwa amri. Kila nikilifundisha hili darasani hunisisimua upya.

Sasa rudi kwetu wenye sukari. Mtu anaweza kudhani damu yenye glukosi nyingi ni neema kwa seli hizi. Sivyo. Glukosi ikiwa juu muda wote, neutrofili, seli za kinga zinazowahi kufika kwanza, huzembea kufika penye kidonda na kumeza bakteria, na makrofaji hubaki zimewaka kidogokidogo bila adui, halafu adui akija zinachelewa kujibu ipasavyo. Ndiyo maana vidonda vyetu vinasumbua, na ndiyo maana mwenye kisukari ana hatari ya kuugua kifua kikuu (TB) mara 2 hadi 3 kuliko asiye nacho.

Mimi mwenyewe nilifika huko. Sukari ilianza kugoma kushuka. Dawa zilezile, ugali uleule, asubuhi nakuta 14 badala ya 7. Kliniki, muuguzi aliangalia daftari langu, akaninyamazia kidogo, kisha akauliza:

“Mwalimu, hicho kikohozi umekuwa nacho tangu lini?”

“Tangu shule zifunguliwe, sista.”

Alinipa kikopo cha makohozi palepale. Mashine ya GeneXpert ikasema TB. Leo ninamshukuru yule dada, kwa maana alielewa kwamba sukari inayopanda bila sababu inaweza kuwa ndiyo dalili: mwili ukipambana na maambukizi humwaga kotisoli na adrenalini, na homoni hizo hupandisha sukari.

Basi ushauri wangu wa kwanza ni huo. Una kisukari na unakohoa wiki mbili au zaidi, unatoka jasho usiku, unapungua uzito? Omba kupimwa TB, usingoje kuulizwa. Na aliyekutwa na TB aombe kupimwa sukari. Matibabu ya TB nchini ni bure, kwa hiyo pesa isiwe kikwazo.

Wa pili: achana na unga na matone ya “kuongeza kinga” yanayouzwa kwenye magrupu ya WhatsApp. Kinga haitakiwi kupandishwa tu kama sauti ya redio iliyo chini. Ikizidi nayo ni ugonjwa, waulize wenye baridi yabisi. Inachotaka ni chakula sahihi na kutulia kazi ikiisha. Pesa ile nunulia stripu za kupimia sukari, na uulize kipimo cha HbA1c, kile cha wastani wa miezi mitatu. Kwa wengi wetu lengo ni chini ya asilimia 7, ingawa daktari wako anaweza kukuwekea lako. Tembea baada ya kula. Misuli inayofanya kazi huvuta glukosi kutoka kwenye damu hata insulini ikiwa haifanyi kazi vizuri.

Kuhusu chakula, sisi wa Kilimanjaro tuna ushahidi wa nyumbani. Watafiti wa Moshi na wenzao wa chuo cha Radboud, Uholanzi, walichapisha mwaka 2025 jaribio walilofanya mkoani kwetu kwa vijana wa kiume 77 wenye afya. Waliohamishwa kutoka chakula cha asili kwenda cha kizungu kwa wiki 2 tu, damu yao ilionyesha dalili zaidi za uvimbe wa ndani kwa ndani, na seli zao zikajibu vijidudu kwa udhaifu. Wengine, waliozoea cha kizungu wakahamishiwa cha asili, au wakanywa mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, kwa wiki 1, kwa sehemu kubwa uvimbe wa aina hiyo ulitulia kwao. Mabadiliko mengine yalikuwa bado yapo wiki 4 baadaye.

Nasema hivi nikijua jirani zangu watakimbilia kwenye mbege. Wale vijana hawakuwa na kisukari wala hawakuwa kwenye dawa za TB. Mbege ni pombe, na pombe pamoja na dawa za TB huumiza ini. Chukua sehemu ile nyingine: kiburu (ndizi zilizopikwa na maharage), maharage, mboga za majani, ulezi. Ndizi nazo zina wanga, kwa hiyo pima sukari saa 2 baada ya kula ujue kiasi chako.

Wala usijinyime mpaka ukonde. Seli isiyo na malighafi haiwezi kugawanyika. Huko Jharkhand, India, utafiti wa RATIONS uliochapishwa mwaka 2023 uliwapa chakula cha nyongeza ndugu wanaoishi na wagonjwa wa TB, na wagonjwa wapya wakapungua kwa asilimia 39.

Mwisho ni dawa, na hapa ndipo watu wanaumia bila kujua. Kliniki ya TB na kliniki ya sukari zinaweza kuwa milango miwili isiyoongea, kwa hiyo beba makaratasi yote kila uendako. Isoniazidi, mojawapo ya dawa za TB, huweza kuleta ganzi miguuni, na sisi tayari tuko karibu na ganzi. Ulizia vitamini B6. Rifampisini, nayo ya TB, hulifanya ini livunje haraka dawa za sukari kama glibenklamidi na gliklazidi, hivyo sukari hupanda na huenda ukaongezewa dozi. Miezi 6 ya matibabu ya TB ikiisha na rifampisini ikasimamishwa, ini hurudi taratibu kwenye hali yake na dozi ileile inakuwa kubwa mno. Rudi kliniki ya sukari wiki ileile unayomaliza dawa za TB, waipitie upya. Katika wiki hizo pima mara kwa mara, na ukianza kutetemeka, kutoka jasho au kuchanganyikiwa, koroga vijiko vidogo 3 au 4 vya sukari kwenye maji, unywe, upime tena baada ya dakika 15.